Nguvu ya Nje

Juzi nilienda Rhonda, mtaa wa Nakuru, kutafuta fundi wa kunitengenezea kitanda, na kabla sijafika mlangoni kwake harufu ya mtarakwa uliopasuliwa siku hiyo hiyo ikanishika koo. Fundi akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, ni vumbi tu. Uongo mtupu. Mbao kavu hazinisumbui hata ukinijazia nyumba nzima. Ni hii mbichi, yenye maji bado, inayonuka nusu dawa nusu limau, ndiyo hunirudisha Elburgon nikiwa na miaka minane. Sikuagiza kitanda. Nilimwambia nitarudi, na mpaka leo sijarudi.

Nyinyi mliokulia karibu na msitu wa Mau mnaijua harufu hiyo. Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishatolewa. Tulipikia jiko la unga wa mbao, tukafagia unga wa mbao, tukakohoa unga wa mbao. Baba alikuwa mpakiaji. Yeye na wenzake walipakia magogo kwenye trela kule msituni, trekta ikayavuta mpaka kiwandani. Hakuna aliyepewa kiti. Ukimaliza kupakia unapanda juu ya mzigo, unakaa raha mustarehe kama mtu aliye kwake, mnateremka mkitukanana kirafiki njia nzima. Sisi watoto tulisimama kando ya barabara kuwapungia mikono, na nilijivuna kweli, kwa sababu baba yangu ndiye aliyekaa juu kabisa.

Mimi aliniita "mama mkwe." Kwetu mtoto hurithi jina la nyanya, na dada yangu Ciru alikuwa ameshachukua la mama yake baba, kwa hivyo mimi nikapata la mama yake mama. Basi baba hakuniacha. Akifika jioni anainamisha kichwa mlangoni kwa adabu ya uongo na kuuliza, "Mama mkwe, leo umenipikia, ama umekuja tu kuangalia kama namlisha mtoto wako vizuri?" Mimi nakunja uso, natia mikono kiunoni, namwambia nitamchukua msichana wangu nirudi naye kwetu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nasema haya ili mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana yaliyofuata hayakufanana naye hata kidogo.

Siku moja trekta ilikuwa ikiteremka na mzigo, ndama akakatiza barabara. Dereva, mtu mmoja mpole aliyeitwa Tito, akakanyaga breki kwa nguvu. Trekta ikasimama. Trela ikasimama. Magogo, kwa kuwa yalifungwa minyororo, yakasimama. Baba hakusimama. Alitoka juu ya magogo, akapita hewani kando ya trekta, akaangukia mgongo kwenye mawe ya barabara mbele yake. Ndama hakuguswa.

Habari ilipofika nyumbani kila mtu aliisema kwa neno moja: alirushwa. Baba Ciru amerushwa. Wanawake walikuja na thermosi za chai na neno hilo hilo. Mimi nikawa najiuliza, alirushwa na nani? Jiwe likirushwa, kuna mkono. Nikamuuliza mama. Alikuwa akikunja nguo za baba za kupeleka hospitali Nakuru, na hakuinua macho.

"Na Tito," akasema.

Tangu siku hiyo jina la Tito halikutajwa nyumbani kwetu. Nilimwona akilini, mtu yule mpole, akimshika baba kiuno na kumtupa. Sikuelewa kwa nini. Walikuwa marafiki; mara nyingi alikunywa uji kwetu.

Baba alikaa Nakuru wiki nyingi. Aliporudishwa, alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu ya jirani, na wanaume wanne wakambeba na godoro lake mpaka sebuleni, kwa sababu mlango wa chumbani ulikuwa mwembamba. Nilikimbia kumkumbatia. Mama akanizuia kwa mkono. "Mwache. Amelala." Lakini macho ya baba yalikuwa wazi, akaniangalia na kutabasamu. "Mama mkwe," akasema, "samahani, leo sitaamka kukusalimia." Mama akadakia haraka, "Ataamka. Daktari amesema mifupa inaunga polepole. Ataamka tu."

Nimemlaumu mama miaka mingi kwa maneno hayo. Sasa nina umri aliokuwa nao wakati ule, nina watoto wangu, na hujiuliza ningesema nini pale sebuleni, na mume wangu akinisikiliza kutoka kwenye godoro. Lakini nilikasirika, na hasira ya mtoto haizeeki haraka.

Basi tukaanza kungoja. Sijui kama mnajua kungoja kwa namna hiyo. Kila asubuhi swali la kwanza lilikuwa langu: "Bado amelala?" Mama na Ciru walimgeuza kwa shuka, mmoja huku na mwingine kule, asubuhi, saa sita, alasiri, jioni, ili mgongo usioze. Wakati wa kumgeuza nilitolewa nje. Mwanzoni baba aliufanya mzaha: "Haya, mama mkwe atoke, si heshima kumwona mkwe akioga." Baadaye mzaha ukaisha na nikawa naambiwa toka tu. Kidonda kilitokea kiunoni hata hivyo. Mama alikiosha kwa maji ya chumvi. Harufu yake ilikuwa tamu kwa namna mbaya, na ilishinda hata ile ya mbao.

Tulijaribu kila kitu. Mama alimkanda miguu kwa mafuta ya kondoo. Kina mama wa kanisani walikuja Alhamisi, wakamzunguka, wakaomba mpaka mabanzi yakatetemeka, na mmoja akasema ameona mguu ukicheza. Na baba, nawaambieni ukweli, ndiye aliyeamini kuliko wote. Mama akishaenda shambani kulima vibarua, ananiita. "Mama mkwe, fungua blanketi. Angalia kidole gumba cha mguu wa kulia. Naamrisha sasa. Kimetingishika?"

Nilikiangalia kidole kile mpaka macho yakanitoka maji. Jaribuni nyinyi. Ukikiangalia kitu muda mrefu bila kupepesa, hutingishika chenyewe.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo eeh? Si nilisema! Usimwambie mama yako. Tutamshtua."

Kila siku tulifanya hivyo, na kila siku nikasema kidogo. Sikudanganya. Niliona kabisa. Lakini wiki zikapita, kidogo haikuwa zaidi, na baba akaanza kusukuma sahani kando. Akawa anakula vijiko viwili, kisha kimoja. Mashavu yakaingia ndani. Nilijua, kwa namna mtoto anavyojua bila kuambiwa, kwamba asipoamka karibuni hataamka kabisa.

Ciru alikuwa kidato cha pili. Alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti akisugua sufuria kwa majivu, Kiingereza mbio mbio kama mtu anayekimbizwa. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimekaa kando yake, na katika ile mbio nikasikia neno "body". Nikashtuka. Kwetu neno hilo lina maana moja tu. Mtu akifa Elburgon unasikia, body iko mochari, body inakuja kesho, body imepita hapa.

"Body ya nani?" nikauliza.

"Si ya mtu. Ni fizikia. Body ni kitu chochote."

"Inasemaje?"

Akashusha pumzi kama mwalimu aliyechoka. "Inasema kitu kikiwa kimetulia, kitaendelea kutulia. Na kikiwa kinaenda, kitaendelea kuenda vile vile, moja kwa moja, mpaka nguvu ya nje ikibadilishe. Kwanza ujue, hakuna mtu alimrusha baba."

"Tito alimrusha."

"Wapi! Tito alisimamisha trekta. Baba alikuwa anaenda na trekta, sasa trekta ikasimama, na yeye hakuna kitu ilimshika. Akaendelea tu na safari. Hakurushwa na mtu."

Hatukujua mama amesimama nyuma yetu na ndoo. Aliitua chini maji yakamwagika. "Rudia," akasema. Ciru akainamia sufuria. "Usiniletee Kizungu ya kitabu hapa. Mume wangu alirushwa. Alikuwa na safari gani ya kuendelea nayo, kwenda wapi? Kwa mawe?" Akaichukua ndoo na kwenda. Ciru akabaki akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Mimi nilikuwa nimebaki na maneno mengine. Kitu kikitulia kitaendelea kutulia. Kitabu kilikuwa kimemwandika baba.

"Ciru," nikanong'ona, "nikimsukuma mimi je?"

"Umsukume nani?"

"Kitu. Kama kimetulia."

"Lazima iwe nguvu ya nje. Ya ndani haihesabiki. Ukikaa ndani ya gari ukasukuma kiti cha mbele, gari itaenda?"

"Haiendi."

"Basi. Lazima ushuke, usukumie nje."

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu, na niliyaelewa vibaya yote. Mama ni wa ndani. Ciru ni wa ndani. Mimi na kile kidole cha baba, wa ndani. Hata kina mama wa kanisani waliomba wakiwa ndani ya nyumba. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari tukisukuma viti, na ndiyo maana baba haendi! Alihitajika mtu wa nje. Na katika dunia nzima nilimjua mtu mmoja tu aliyekuwa wa nje kabisa, aliyekatazwa hata kufika kwenye ua wetu.

Nilimkuta Tito kiwandani. Hakuwa akiendesha tena. Alikuwa akipanga mbao juani, amekonda, amejaa unga wa mbao kuanzia shati mpaka kope. Aliponiona aliacha ubao ukaanguka.

"Wewe si wa Baba Ciru?"

"Ndiyo. Kuja nyumbani umsukume baba."

Uso wake ulibadilika nikaogopa. "Nani amekutuma? Ni mama yako?"

"Hakuna mtu. Lakini lazima awe mtu wa nje. Sisi wa ndani tumesukuma imekataa."

Hakunielewa, nikamweleza. Nilimweleza yote, kitu kilichotulia, gari, kiti cha mbele. Nikamwambia pia Ciru amesema hakumrusha baba, baba aliendelea tu na safari. Alikaa chini juu ya mbao. Alijifuta uso kwa mkono wenye unga wa mbao, machozi yakafanya tope. "Ciru amesema hivyo?" akauliza. "Amesema hivyo kabisa?"

"Iko kwa kitabu."

Akaenda kwenye bomba, akanawa mikono mpaka viwiko, akavaa koti lake, akanifuata. Njiani akaniuliza, "Mama yako amewaambia nini kuhusu mzee wenu?"

"Ataamka. Mifupa inaunga."

Akasimama katikati ya barabara. Matatu ikampigia honi, ikamzunguka, na bado alisimama. Nilidhani anaogopa kazi yenyewe, kumsukuma mtu mzima. Nikamwambia baba si mzito siku hizi, amekonda. Nikamshika kidole kimoja nikamvuta, naye akaja.

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Alipomwona, ungo ulimwanguka. "Tito," akasema polepole, "toka kwangu. Toka kabla sijapiga nduru."

"Mama Ciru, nimeletwa na mtoto."

"Toka!"

Ndipo tukasikia sauti ya baba kutoka ndani. Siku nyingi hakuwa amepaza sauti. "Ni nani huyo? Ni Tito? Mwache aingie."

Sebule yetu ilikuwa ndogo na kitanda alichowekewa baba kiliimeza yote. Tito alisimama miguuni pa kitanda ameshika kofia kifuani. Wanaume wale wawili waliangaliana mpaka nikachoka.

"Msukume," nikasema.

Baba akanigeukia. "Asukume nani, mama mkwe?"

Nikasema tena somo langu, safari hii haraka, kwa sababu nilihisi watu wazima wanakaribia kuniharibia. Kitu kikitulia kitaendelea kutulia. Nguvu ya ndani haihesabiki. Tito ni wa nje. Ciru alikuwa ameingia, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Baba akacheka. Haki ya Mungu, alicheka, kicheko chake cha zamani kilichoanzia tumboni, kisha kikaishia njiani.

"Umesikia," akamwambia Tito. "Mtoto amesoma. Nisukume."

"Baba Ciru, wacha tuongee kwanza..."

"Sitaki kuongea. Mama Ciru hawezi kuniinua, na huyu msichana hawezi. Wewe uko na mikono. Nisimamishe nijaribu miguu. Mifupa imeunga, inangoja tu mazoezi."

Mama akasema, "Usimguse." Alisema kwa sauti ndogo sana, ya kuomba, na Tito akamwangalia, na nikaona kuna kitu kimepita kati yao nisichokijua. Lakini baba alishanyoosha mikono. Tito akaweka kofia kwenye kiti. Akapitisha mikono chini ya makwapa ya baba, akamwinua, akamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikaning'inia. Ilikuwa myembamba kama yangu. Kisha akamvuta juu. Baba alisimama! Kichwa chake kilikuwa pale pale kilipokuwa zamani, karibu na taa. Nilipiga makofi.

"Niachilie," baba akasema.

Tito akalegeza mikono, na baba akaenda chini mara moja. Hakuyumba, hakujaribu kujishika kwa miguu. Alishuka tu, na Tito akamdaka kabla hajafika sakafuni.

"Tena."

Akamwinua tena. Akamlegeza tena. Vile vile. Nilikuwa nikiangalia vidole vya miguu, kazi yangu ya kila siku, na safari hii nilivikodolea macho bila kupepesa, nikaviomba, nikavitisha. Vilikokota sakafuni vimekunjamana kwa nyuma, kama soksi iliyovuliwa, na baba hakusema ah. Vingemuuma. Mtu yeyote vingemuuma.

"Tena," baba akasema, jasho likimtiririka.

"Baba Ciru, aki inatosha."

"Tena, Tito!"

Mara ya tatu hakuuliza aachiliwe. Alining'inia mikononi mwa mwenzake, akaangalia chini, akaiangalia miguu yake kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Nikalishe." Tito akamkalisha ukingoni, akakaa nyuma yake kitandani, akamshika mabega.

"Mama Ciru," baba akasema. "Daktari alisema nini?"

Mama alikuwa ameegemea mlango. Aliinama akaanza kuokota maharagwe.

"Nauliza pole pole. Alisema nini?"

"Uti wa mgongo," mama akasema. "Alisema umekatika. Alisema hakuna..."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Nakuru. Ungeacha kula, Baba Ciru. Ningefanya nini? Ungeacha kula ufe."

Baba akatikisa kichwa polepole, hakugeuka nyuma. "Na wewe, Tito?"

Tito akajibu. "Kiwanda yote inajua. Ndiyo maana vijana hawajakuja kukuona. Hawajui watakudanganya aje."

Ciru akatoka nje mbio, nikamsikia akilia nyuma ya nyumba. Kule kiwandani msumeno mkubwa ulikuwa ukiendelea kukata, siku ya kazi kama siku nyingine.

"Kwa hivyo ni mimi peke yangu sikujua," baba akasema.

"Hata mimi sikujua," nikamwambia.

Akaniangalia. Nilingoja anilaumu kwa ajili ya kidole, kwa zile siku zote nilizosema kidogo, kidogo. Hakunilaumu. Alipapasa godoro kando yake, nikapanda nikakaa, bega langu likafika kwenye mbavu zake, na nilizihisi moja moja.

"Haya," akasema. "Basi tulikuwa wawili."

Mama akaketi sakafuni katikati ya maharagwe, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa ameficha tangu Nakuru. Hakuna aliyemnyamazisha. Tito alibaki pale nyuma yetu, amemshika baba mabega, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia amwachilie.